Sarafu Iliyozibwa Tundu

Kiwandani walimwita Mzee Lenzi, kwa sababu lenzi yake ya jicho ilikuwa haimbanduki. Aliivaa asubuhi akiingia kazini, akaisahau usoni akienda kunawa, na siku moja alifika nayo hadi kituo cha basi, watu wakampisha wakidhani anaumwa jicho. Kazi yake ilikuwa kuchonga sura za sarafu. Zamani mafundi wa kazi hiyo walikuwa saba ndani ya chumba kimoja, wanarushiana vijembe kutwa nzima. Wawili wakastaafu, watatu wakatangulia mbele ya haki, mmoja akahama, na vijana walioletwa badala yao wakawa wanachorea kwenye kompyuta, ghorofa ya juu, penye viyoyozi. Kule chini, mwisho wa korido, alibaki peke yake na meza saba.

Nyumbani nako kulikuwa vilevile. Mkewe alikuwa amefariki, mwaka wa sita sasa. Mzee Lenzi alizoea kuiacha redio ikiongea anapotoka, ili akirudi na kufungua mlango akute sauti ya mtu. Jambo hilo hakumwambia yeyote. Angemwambia nani?

Basi ilikuwa imebaki miezi kumi na moja astaafu, Mkurugenzi wa kiwanda akashuka mwenyewe chumba cha chini, akavuta kiti.

"Mzee wangu," akasema, "safari hii kompyuta haitufai. Nataka mkono wako."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Benki ya nchi ilitaka sarafu ya kumbukumbu, kuienzi ile sarafu ya dhahabu ya kale, ya kwanza kupigwa katika nchi ile, ambayo duniani imebaki moja tu. Kila mtoto wa shule aliijua kwa mchoro wa kitabuni: kichwa cha malkia mwenye taji, ametazama pembeni. Kwenye makumbusho nako ilikuwepo ndani ya kabati la kioo, imemulikwa taa, lakini ile ilikuwa bandia. Yenyewe ililala imefungiwa kwenye kasiki la chuma miaka nenda miaka rudi, na waliowahi kuiona kwa macho walikuwa wachache. Sasa ingetolewa siku tatu, Mzee Lenzi aitazame, achonge sura mpya, na kiwanda kigonge sarafu elfu mbili.

Ililetwa na mtunzaji wa makumbusho, mama mmoja mwembamba mwenye glavu nyeupe na sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Nyuma yake alikuja mlinzi, akaketi mlangoni. Mtunzaji akafungua kisanduku, na Mzee Lenzi akainamisha jicho.

Alitazama kwa muda mrefu. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani, nyembamba, ya dhahabu safi, laini. Malkia alikuwa na jicho kubwa mno. Uso umetazama pembeni, lakini jicho linakutazama wewe. Juu ya taji palikuwa na tundu, upana wa sindano ya kushonea magunia. Na chini, ukingoni, palikuwa na vishimo vinne vidogo: viwili mbele, viwili nyuma, vimeelekeana.

"Mama," akauliza, "hivi ni nini?"

Mtunzaji akafungua faili lake. "Imeandikwa hapa. Ilinunuliwa kwa sonara, miaka sitini iliyopita. Tundu lilitobolewa baadaye. Alama za ukingoni ni za koleo."

"Koleo huacha mistari. Hizi hazina mistari."

"Basi ni kitu kingine," akasema mtunzaji, akalifunga faili.

Siku zile tatu zilimpita Mzee Lenzi mbio mbio. Hakutoka hata kwenda kula. Aligundua kwamba tundu lile limelika upande wa juu tu, taratibu, bila mikwaruzo. Maana yake halikubeba mkufu wa chuma, lilibeba uzi. Na uzi kuila dhahabu namna ile huchukua miaka. Kuna mtu aliivaa sarafu hii, akalala nayo, akaamka nayo, akafua nayo nguo. Jambo hilo lilimkaa kichwani akiwa kwenye basi, likamkaa akiwa anapika ugali wake wa mtu mmoja. Akachukua chapa ya sarafu kwa plasta, kila kitu kama kilivyo, tundu na vishimo, kisha mtunzaji akaja na glavu zake akaibeba.

Kamati ilipokaa kuangalia kazi, watu sita wamezunguka meza yenye chupa za maji, Mkurugenzi aliinua mfano wa plasta uliotokana na ile chapa, akaugeuza huku na huku.

"Kazi safi. Ila hili tundu, mzee, tulizibe."

"Lakini ndivyo ilivyo, Mkurugenzi."

"Najua ndivyo ilivyo. Sasa mtu atoe pesa zake, afungue kisanduku, akute sarafu mpya imetoboka? Si atasema tumemuuzia kifungo cha koti?"

Kamati nzima ikaangua kicheko. Mzee Lenzi naye akacheka kidogo, kwa adabu. Kisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika miaka thelathini na mmoja ya kazi, akarudia.

"Imevaliwa. Kuna mtu aliivaa."

"Nani?"

"Sijui."

"Ndiyo maana tunaliziba," akasema Mkurugenzi kwa upole. "Na hivyo vishimo vya ukingoni, vilainishe pia. Tunataka ipendeze kama siku ilipozaliwa."

Akarudi chumba cha chini. Akachukua plasta mbichi kwa ncha ya kidole, akaziba. Akachukua msasa mwembamba, akalainisha ukingo. Haikufika hata saa moja. Alipomaliza alikaa akitazama zile meza sita tupu, akajisikia kama mtu aliyemfungia mwenzake mlango hali amemsikia akipiga hodi.

Miezi minne baadaye sarafu ikazinduliwa katika ukumbi wa benki, asubuhi moja ya jua kali. Mzee Lenzi alivalishwa koti jipya lenye mikunjo ya dukani, akawekewa meza na vyombo vyake, ili watu wamwone fundi. Watu walimwona. Walisimama kando yake, wakapiga picha, wakaenda zao. Asubuhi nzima aliulizwa swali moja tu, mara tatu: choo kiko wapi.

Kuelekea adhuhuri aliingia mwanamke mmoja aliyekula chumvi nyingi, miaka sabini na kitu, amevaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Ilionekana kwa jinsi lilivyomkaa mabegani. Hakupanga foleni ya kununua. Alikwenda moja kwa moja kwenye kioo chenye sarafu mpya, akachukua kioo cha kukuzia kilichofungwa pale kwa mnyororo, akainama. Akainuka, akafuta kioo kwa pindo la mtandio, akainama tena. Kisha akamgeukia dada aliyekuwa akiuza.

"Mwanangu, siyo hii."

"Ndiyo hii, bibi. Sarafu ya kumbukumbu."

"Siyo. Tundu mmeliziba."

Dada yule akatabasamu kama watu wanavyowatabasamia wazee. "Haina tundu, bibi. Tangu zamani haina."

Mzee Lenzi akainua kichwa. Nje ya kamati ile na watu wa makumbusho, hakuna aliyejua habari ya tundu. Mchoro wa vitabuni haukuwa nalo, bandia ya makumbusho haikuwa nalo. Akanyanyuka, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Tundu lilikuwa wapi, mama?"

Mwanamke akamtazama, lenzi na koti na mikunjo yake. "Juu ya taji. Wewe ndiye uliyeliziba?"

"Mimi."

"Na meno je?"

"Meno gani?"

"Ya mdogo wangu," akasema. "Chini hapa. Meno ya mdogo wangu yako wapi?"

Mzee Lenzi akamwomba amfuate. Aliacha vyombo vyake pale pale mezani, jambo ambalo fundi hafanyi, akampeleka yule mama kiwandani, mwendo wa dakika tano kwa miguu, hadi chumba cha chini. Akampa kiti, akamtilia chai kutoka kwenye chupa yake. Alikuwa na kikombe kimoja tu, ikabidi yeye anywee mfuniko.

Mama yule alikuwa fundi cherehani, sare za shule, miaka arobaini na mitano. Alisimulia bila haraka, mikono imetulia mapajani.

Sarafu ilikuwa ya mama yake, naye aliipata kwa mama yake, na huko nyuma zaidi hakuna aliyejua. Haikuhesabiwa kuwa pesa. Ilikuwa kidani tu, kwenye uzi mweusi uliokuwa ukibadilishwa kila ukichakaa. Wao watoto walimwita yule malkia Bibi Jicho. Ukifanya kosa, mama alikuwa akiinua kidani na kusema, "Bibi Jicho amekuona," nawe unaungama mwenyewe. Mtoto wa mwisho alipozaliwa, kitinda mimba, yeye huyu msimulizi alikuwa na miaka minane, na ndiye aliyekuwa mlezi wake. Meno yalipoanza kumtoka, kitoto kile kilikuwa kikikataa kila kitu, kijiko, kitambaa, kidole. Kinataka kidani cha mama. Siku moja kikakibana kwa vijino vyake na kukaza, mama akapiga kelele akidhani kimekimeza. Walipokitoa, dhahabu ilikuwa imebonyea.

"Tulicheka sisi!" akasema. "Baba akasema huyu atakuwa tajiri, ameanza kula dhahabu kabla ya uji."

"Akawa nani?" Mzee Lenzi akauliza.

"Hakuwa. Alikufa kwa surua, hajatimiza miaka mitatu. Mwaka uliofuata baba akaugua, mama akakipeleka kidani kwa sonara, hatukukiona tena. Baba alipona, namshukuru Mungu. Sasa hawapo, baba, mama, dada yangu mkubwa, wote. Mume wangu naye alikwenda, na watoto sikujaliwa. Yule mtoto hakuwahi kupigwa picha. Hakuna mtu duniani anayejua kwamba alikuwepo, isipokuwa mimi. Basi juzi nimepita benki, naona bango kubwa ukutani, na juu yake Bibi Jicho ananitazama."

Mzee Lenzi akafungua droo, akatoa ile chapa ya kwanza ya plasta, ya kabla ya kuziba. Akaiweka mbele yake. Mama akapitisha kidole ukingoni, polepole, mpaka kikatumbukia kwenye vishimo.

"Ndiyo," akasema. Kisha akakiondoa kidole. "Lakini hii hakuiuma yeye."

Kumpata mtunzaji kwa simu ilikuwa kazi, na kumshawishi ilikuwa kazi zaidi. Kasiki halifunguliwi ovyo. Kuna barua, kuna mihuri, na kila mwezi huja mtu na hadithi ya babu yake na hazina. Mzee Lenzi, ambaye kwa kawaida alijibu watu kwa neno moja, siku ile aliongea mpaka sikio likapata moto. Mama huyu hataki kitu, alisema. Hadai kitu. Anataka kuona. Mwishowe mtunzaji akavuta pumzi. "Alhamisi, saa nne. Nusu saa tu."

Alhamisi wakafika. Walikuwa wamekutana kituoni, wakapanda ngazi za makumbusho pamoja, na mlinzi wa mlangoni akamwambia Mzee Lenzi, "Karibu wewe na shemeji," hakuna aliyemsahihisha. Chumba cha kasiki kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Mtunzaji aliweka kisanduku mezani, akaweka na mkono wake juu ya kifuniko.

"Samahani, mama. Kabla sijafungua, niambie alama ziko ngapi, na zimekaaje."

"Nne. Chini ya shingo ya Bibi Jicho. Mbili huku, mbili huku. Jino moja la juu liliota limekaa upande, kwa hiyo alama yake imelala. Nyingine zimesimama."

Mtunzaji akafungua. Akamwomba Mzee Lenzi lenzi yake, akainama. Mzee Lenzi alihesabu pumzi zake mwenyewe, akafika ishirini. Mtunzaji akainuka. Aliivua ile lenzi akampa mama.

Mama hakujua kuivaa. Mzee Lenzi akamshikia. Aliinama kwa muda, mpaka wakasikia anacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Mtazame alivyokiuma kwa hasira," akasema. "Mtazame." Halafu: "Naweza kumgusa?"

Alisema kumgusa. Mtunzaji alisikia, Mzee Lenzi alisikia. Mtunzaji akatoa glavu nyingine kwenye boksi, akamnyooshea.

"Nikivaa glavu sitamsikia, mwanangu."

Mtunzaji akatazama mlango. Akatazama kamera iliyo juu ya mlango. Kisha akasogea, akasimama katikati ya kamera na meza. "Mara moja," akasema.

Mama akaweka ncha ya kidole cha shahada ukingoni. Hakulia. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza kitu kilicho chumba cha pili. Alipoondoa kidole, mtunzaji alikuwa ameshafungua daftari kubwa la kumbukumbu. Akakata neno "koleo" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake, akisoma kwa sauti kila anachoandika: kwamba sarafu ilivaliwa shingoni kwa uzi, na kwamba alama za ukingoni ni meno ya mtoto mchanga. Akasita, kalamu ikiwa hewani.

"Alikuwa anaitwa nani?"

Mama akafungua kinywa, akakifunga. Miaka mingapi ilikuwa imepita hajalitamka jina lile? Alipolitamka lilitoka dogo, kama kitu kilichobaki mfukoni, ikabidi mtunzaji amwombe arudie. Akarudia, safari hii kwa sauti, na jina la baba yao akaliongezea. Likaandikwa.

Nje, kwenye ngazi, jua lilikuwa limepanda. Mzee Lenzi alitaka wakae kidogo mahali, wanywe hata soda. Alikuwa na mambo mengi ya kuuliza, au labda alitaka tu mtu wa kukaa naye. Mama alikuwa anatazama basi lake likija kwa mbali.

"Wewe una watoto, fundi?" akauliza.

"Binti mmoja. Ameolewa, yuko mbali. Hupiga simu Jumapili."

"Vizuri."

"Utakuja tena, mama? Naweza kuomba tena. Yule mtunzaji sasa ametuelewa."

Mama akamshika mkono, akautikisa kama mtu anayeshukuru kwa kazi iliyokwisha. "Nije kufanya nini, fundi? Nimeshamwona."

Akapanda basi. Alipata kiti cha dirishani upande wa pili, kwa hiyo Mzee Lenzi hakumwona tena, aliona tu bega, pale gauni la buluu lilipokaa vizuri.

Hakurudi kazini. Alikwenda nyumbani, akakaa kitandani na viatu miguuni, na ingawa ilikuwa Alhamisi, akampigia binti yake.

"Baba! Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umekula?"

"Nimekula." Hapo ndipo kwa kawaida mazungumzo yao yalipokwisha. Lakini safari hii Mzee Lenzi akaanza kumweleza: tundu, uzi, kamati na kifungo cha koti, mama wa gauni la buluu, meno. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kujisahihisha. Binti hakumkatiza.

"Na mimi?" binti akauliza. "Mimi niling'ata nini?"

Mzee Lenzi akafikiri. Akafikiri sana. Aliona kitanda cha mtoto, aliona mgongo wa mkewe ameinama, lakini mkononi mwa mtoto hakuona kitu.

"Sijui, mwanangu. Mama yako ndiye angejua."

"Ulikuwa kazini," akasema binti, bila lawama yoyote, na hilo likamuuma kuliko lawama. Kisha akaitwa na mtu huko aliko, akaaga.

Jioni ile Mzee Lenzi alipekua nyumba. Alivaa lenzi, akatazama vijiko vya mbao, akatazama miguu ya viti, pembe za kabati, mpini wa brashi ya nywele ya mkewe. Mtu angemwona angesema mzee amechanganyikiwa. Hakupata hata jino moja. Aliketi sakafuni, mgongo ukimuuma, nyumba imemzunguka, vitu vyake laini kila mahali, bila alama.

Jumapili simu ililia mapema kuliko kawaida, hata kabla hajachemsha maji.

"Nimemuuliza mama mdogo," binti akasema, hata salamu hakutoa. "Anakumbuka. Ulikuwa mkanda wa saa yako, baba. Anasema ukirudi tu kutoka kazini, hata hujavua viatu, naurukia mkono wako. Nilikuwa nautafuna mpaka mama anakuja kunibandua."

Mzee Lenzi akatazama kifundo cha mkono wake. Saa aliyokuwa amevaa ilikuwa ya plastiki. Ile ya zamani iliharibika kabla binti hajaanza shule, na mkanda wake alikwisha kuutupa, hakumbuki mwaka gani, bila hata kuugeuza akautazama.

"Ulikuwa wa rangi gani?" binti akauliza.

"Wa kahawia," akasema. "Wa ngozi. Na ulikuwa unanuka mafuta ya mashine. Sijui uliwezaje."

"Utamu wake nilikuwa naujua mwenyewe," akasema binti, akacheka. Nyuma yake vilisikika vyombo, maji, mtu akimwita. Akajibu huko, "Subirini kidogo, naongea na baba," kisha Mzee Lenzi akasikia mlango unafungwa, na kiti kinavutwa.